Retina ya mutoto: namna ya kuipimisha mapema, kwa bazazi ba Goma

Mutoto mwenye haone muzuri hatakuambia. Si eti anaficha, hajui tu, juu tangu azaliwe njo vile anaonaka dunia na anafikiri batu bote banaonaka vile. Mutu mukubwa kivuli ikimufunika jicho asubui, saa sita ako kwa hopitali. Mutoto wa miaka mine retina inaweza kubanduka kwa jicho moja, akaendelea kucheza mupira pale Ndosho na jicho ingine, nyumbani bakakuja kujua kisha mwaka, tena bahati, siku anafunika jicho muzuri na mukono kwa muchezo. Kwa hiyo kuvumbua ni kazi yako weye muzazi. Mimi nafanya kazi ya macho hapa Goma, na yenye naandika ni ile naelezaka bamama kwenye benchi, nimeipanga tu kidogo.

Retina ni ngozi nyembamba sana yenye iko nyuma kabisa ndani ya jicho, njo inapokea mwangaza na kuutuma kwa ubongo. Ukiangalia mutoto hivi tu hauione. Lineti haiitengeneze. Na hapa nasema waziwazi: ule mwenye anauzisha lineti pale Birere hawezi kukuambia kitu juu ya retina, ata kama ako na kimashine kyenye kinawaka taa. Kitu ya kuomba ni fondei: munganga anatia matone, mboni inafunguka, anaangalia mpaka nyuma. Kama mutoto ako na shida ya kuona na hakuna mutu alimufanyia fondei, basi bado habajamupima, ata kama ulishalipa mara mingi.

Anza nyumbani, haiombe pesa

Chukua simu yenye iko na flashi. Ingiza mutoto kwa chumba yenye mwangaza kidogo, mangaribi njo saa muzuri, ngoja dakika mbili tatu mboni zifunguke, simama mbali kama mita mbili ao tatu, washa flashi, piga foto zingi akiangalia simu yenyewe. Kama simu iko na ile kitu ya kutosha macho mekundu kwa foto uizimishe kwanza, juu itakuficha kile kyenye unatafuta. Sasa kuza foto. Mboni zote mbili zinapashwa kutoa wekundu ao rangi ya machungwa. Kwa batoto betu ba ngozi nyeusi ule wekundu unaweza kuwa wa kufifia, haina shida, ya maana zifanane. Kama moja inatoa weupe ao njano, inangaa kama jicho ya paka usiku, ao moja ni nyekundu na ingine nyeusi tii, piga zingine kesho, pembe ingine. Foto moja inaweza kudanganya: mutoto akiangalia pembeni kidogo, flashi inapiga pale mushipa mukubwa unaingilia ndani ya jicho na inatoa weupe wa bule. Lakini ule weupe ukirudi kwa foto mbili tatu, usingoje ya ine.

Kisha hapo rudia foto za zamani, za ubatizo, za Bonane, zile dada yako alipiga. Kuko mwalimu mumoja wa kemia kule Texas, Marekani, anaitwa Bryan Shaw, mutoto wake alikuwa na kansere ya retina, na aliporudia foto zote za nyumbani akakuta weupe ulishaonekana mutoto akiwa na siku 12 tu. Hakuna mutu alikuwa ameushituka. Yeye na benzake bakatengeneza programu ya simu, CRADLE, yenye inatafuta ule weupe ndani ya foto. Inasaidia, lakini isipoona kitu usiseme jicho ni muzima, fondei njo inakata maneno. Na ukiwa unatumia munganga foto kwa WhatsApp itume kama dokima, si kama foto ya kawaida, juu simu inaiminyaka na ule weupe wa mboni unaweza kupotea.

Ya pili, funika jicho moja na kiganja, kisha ingine, mutoto akiwa anaangalia kitu anapenda. Kama ukifunika ya kuume anatulia, ukifunika ya kushoto analia, anasukuma mukono, anageuza kichwa, ujue ya kushoto njo anatumikisha na ya kuume iko na shida. Rudia mara mbili, juu kuko batoto banalia tu sababu ya mukono.

Mutoto muchanga juma sita nane anaanza kukazia uso wa mama, na myezi tatu anafuata kitu kwa macho. Kama kisha myezi tatu macho inatembea-tembea bila kutulia, ao anasukumaka macho na vidole, anaminya ngumi ndani ya macho mara na mara, hiyo si usingizi. Batoto benye retina yabo haitumike tangu kuzaliwa banafanyaka vile, wakiminya banapata kimwangaza kidogo. Macho yenye inapotoka (kengeza) mbele ya myezi tatu ine inaweza kuwa inajipanga tu, lakini kisha pale, ao yenye ilikuwa wima na sasa imegeuka, peleka. Nyumbani batasema ni kawaida, hata babu alikuwa vile. Sawa, babu alikuwa vile na nani alimupima? Kengeza ni alama ya pili yenye inaonekanaka mingi kwa kansere ya retina, kisha ule weupe.

Kwa mukubwa kidogo, angalia siku umeme imekatika. Benzake banatembea ndani ya nyumba na kale kamwangaza ka dirisha, yeye anagonga kiti, anashika ukuta, anakuita. Ao mangaribi anakataa kutoka inje, banasema ni muoga. Kuko bengine kinyume: mchana anafunga macho, anainama, saa kumi na mbili njo anafurahi, anacheza vizuri kuliko saa sita, na rangi anachanganya. Hao ni sehemu ingine ya retina, ile ya kuona mchana na rangi. Na kwa masomo kuko mwenye anasoma ubao akigeuza kichwa pembeni, juu katikati ya macho yake iko na doa, mwalimu anafikiri anaangalia kwa mwenzake.

Gani inakimbiziwa, gani inaweza kungoja

Weupe ndani ya mboni ni juma hii, si mwezi ujao. Unaweza kuwa katarakti (ukungu ndani ya jicho), yenye mutoto anazaliwa nayo na banapasua, unaweza kuwa retina ilibanduka, ao mishipa ya retina yenye inavuja (ugonjwa wa Coats, unakamataka mingi bavulana, jicho moja). Lakini unaweza kuwa retinoblastoma, kansere ya retina, na hauna namna ya kutofautisha nyumbani, ata munganga wa macho wakati mwingine anaomba ekografi ya jicho mbele ya kusema. Inakamata karibu mutoto 1 kwa batoto 16,000 mpaka 18,000, karibu bote chini ya miaka 5. Haiume pale mwanzo. Mutoto anakula, anacheka, anacheza, njo maana batu banangoja. Ikianza kuuma, jicho ikavimba na kutoka inje, mara mingi kansere imeshatoka ndani ya jicho na pale maneno inakuwa ya uhai.

Jicho yenye iliumizwa pia haingojeke: jiwe ya volkano, fimbo, manati, mupira wa kufunga mizigo kwa pikipiki wenye ulifyatuka. Ata kama damu imeisha na mutoto anasema sijambo, afanyiwe fondei, juu retina inaweza kupasuka leo na kubanduka kisha juma ao myezi. Mutoto mwenye lineti nzito sana juu haone ya mbali (mbele ya myaka kumi ako na namba kubwa) naye retina yake ni nyembamba, afanyiwe fondei kila mwaka ata kama hakuna kitu inaonekana, na zaidi kama ni murefu kupita benzake, vidole virefu, ao viungo vinalegea.

Kuko batoto benye tarehe yabo inajulikana mbele: prematire. Mutoto wa kuveze, mwenye alizaliwa mbele ya juma 34 ao chini ya kilo 2, mishipa ya retina yake ilikuwa haijaisha kukua, na oksijeni ikipita kipimo inaiharibu, mishipa inaanza kukua ovyo na inavuta retina mpaka inabanduka. Apimwe fondei kisha juma 4 tangu azaliwe, kisha kila juma moja ao mbili mpaka banganga baseme mishipa imeisha kufika. Hauone kitu kwa inje! Jicho iko safi, nyeusi, muzuri. Ikifika mboni kuwa nyeupe, kwa huu ugonjwa ni kuchelewa. Ikikamatwa kwa wakati wake, banachoma na lezeri ao banapiga shindano ndani ya jicho, na inapashwa kufanyika ndani ya siku mbili tatu tangu baone, njo maana usikubali "mukuje mwezi ujao". Na mutoto akiwa bado ndani ya kuveze uliza kwa heshima kama kuko ka mashine ka kidole kenye kanaonyesha oksijeni, na kama namba inachungwa 90 mpaka 95. Bainfirmie bengi banafurahi muzazi akiuliza, mwenye anakasirika ni juu ako peke yake na batoto kumi.

Zile za kupoteza kuona polepole, usiku kwanza kisha pembeni, zinaweza kungoja juma kadhaa upange safari. Zisingoje myaka.

Kutokuona usiku: mbele ya kusema ni ya ukoo

Hapa batu banakosa kwa pande mbili. Mutoto wa Kivu mwenye haone usiku, kitu ya kwanza ya kufikiria ni vitamini A, zaidi kama alitoka kwa kisuba (surua), kama anaharisha mara na mara, kama jamaa ilikaa kwa kambi na chakula ilikuwa ni fufu na kidogo tu. Angalia weupe wa jicho pembeni: kama kuko kadoa kakavu kenye povu-povu, kimbia santre ya afya leo. Banapana vitamini A leo, kesho, na kisha juma mbili, na usiku unarudi ndani ya siku chache. Iyo inapona kabisa! Lakini ikiachwa, mbele ya jicho inayeyuka na pale hakuna wa kurudisha. Kisha hapo mawese, lengalenga, sombe, viazi vya rangi ya machungwa, papai, mayai, na sambaza zetu za ziwa, nzima nzima na kichwa.

Kama alipewa vitamini na usiku haukurudi, ao ni mutoto mwenye anakulaka vizuri, tena dada yake naye ako vile, basi ni retina yenyewe na pengine retinitis pigmentosa. Iyo ni jina ya jamii nzima ya magonjwa, jeni (ile yenye muzazi anapitishaka kwa mutoto ndani ya damu) zaidi ya 80 zinaweza kuileta, kwa dunia ni karibu mutu 1 kwa batu 4,000. Inaanza na usiku, kisha kuona kwa pembeni kunapungua polepole mpaka inabaki katikati. Na usiendelee kumununulia vitamini A kwa farmasi mwezi kwa mwezi bila munganga, inaingiaka kwa maini, na kuko ugonjwa mumoja wa retina, Stargardt, wenye banganga banakataza kabisa dawa za vitamini A za ziada.

Pima masikio pia. Mutoto kiziwi tangu kuzaliwa, mwenye anaanza kugonga bitu usiku, anaweza kuwa na Usher, ugonjwa mumoja wenye unakamata masikio na retina. Nimeona bazazi benye banapeleka mutoto kwa masomo ya baziwi, anajifunza lugha ya mikono, na hakuna mwenye alifikiri kwamba ile mikono ataiacha kuiona usiku. Kidole ya sita na unene wa mapema navyo vinafanyaka munganga afikirie ugonjwa wa ukoo wa retina, Bardet-Biedl. Semeni, ata kama kidole ilikatwa zamani.

Maneno ya ukoo, bila kutafuta mwenye kosa

Hii sehemu inaharibu ndoa. Mutoto haone, baba anasema kwetu hakuna kipofu, mama anarudishwa kwabo, ao mutoto anapelekwa chumba ya maombi bamufungishe kula siku nzima juu eti ni mudoki. Sikia namna inaendaka kweli.

Jeni zinakuja mbili mbili, moja ya baba moja ya mama. Kuko magonjwa yenye inaomba zote mbili ziwe mbovu. Baba ako na moja mbovu, mama moja, bote banaona vizuri kabisa, wala ukoo mbili hazina kipofu, na kila mimba iko na nafasi 1 kwa 4 ya kukutana na zile mbovu mbili. Njo vile retinitis mingi inakuyaka, na Stargardt, na batoto ba kuzaliwa bila kuona. Nafasi inapanda kama baba na mama ni bandugu, batoto ba shangazi na mujomba. Kuko zenye jeni moja tu inatosha, pale muzazi mwenye ugonjwa anapitisha kwa nusu ya batoto. Na kuko zenye zinapita kwa mama mwenye anaona bila shida ao na shida kidogo, zinakamata bavulana: kila muvulana nafasi ni nusu. Kama bamujomba ba pande ya mama banaanguka usiku na babinti bako sawa, mwambie munganga.

Retinoblastoma iko na tabia yake. Jeni inaitwa RB1, iko kwa kromozomu ya 13. Karibu 40 kwa mia ya batoto bako nayo mbovu ndani ya mwili muzima, hao bengi banakamatwa macho mbili, mapema, mbele ya mwaka moja na nusu hivi, na bakikua nusu ya batoto babo banaweza kuipokea. Benye kubaki ni ajali yenye ilitokea ndani ya retina ya jicho moja tu. Na ata kwa hao ba 40, mara mingi mutoto njo wa kwanza kwa ukoo mzima, jeni iliharibika kwake. Kwa hiyo "kwetu hakuna" haiseme kitu.

Mbele ya kuenda kwa hopitali kaa na bazee jioni moja, chora kwa karatasi: babu na bibi pande zote, batoto babo bote, na bale balikufa. Andika nani haone usiku, nani alitoshwa jicho akiwa mudogo, nani kiziwi, nani alikufa na jicho imevimba, nani alioa ndugu. Usiulize "nani ni kipofu", batakuambia hakuna. Uliza "nani alikuwa anaomba kushikwa mukono usiku". Hapo njo majina inatoka.

Siku ya fondei

Hapa Goma HEAL Africa iko na huduma ya macho, Bukavu kuko hopitali ya mukoa yenye iko na banganga ba macho. Piga simu kwanza uulize siku munganga mwenyewe anapima batoto, juu siku zingine unakutana na ya lineti peke yake. Beba karne (kadaftari) ya kuzaliwa yenye inaonyesha kilo na juma, siku ngapi za oksijeni, foto za weupe, na ile karatasi ya ukoo.

Matone inachoma kidogo, kisha inaomba nusu saa ao zaidi, na munganga anarudia. Mboni ikifunguka mwangaza unamuumiza mpaka jioni ao kesho yake, beba kofia, na vumbi yetu ya Goma pia, funika mutoto mukiwa kwa pikipiki. Mudogo sana banamufunga ndani ya kitenge na kumushika, analia, wacha alie, kulia hakuharibu jicho. Kama banatafuta kansere, ao mutoto anapigana sana, itaomba kumulalisha na dawa. Pale sheria ni: chakula mwisho masaa 6 mbele, titi ya mama masaa 4, maji safi masaa 2. Usidanganye hapo. Shangazi mwenye anaingiza biskuti kwa siri juu mutoto analia njala anaweza kumuua, chakula inarudi na kuingia kwa mapafu.

Usitoke bila majibu ya haya: retina zote mbili ziliangaliwa mpaka pembeni? Jina ya ugonjwa ni gani, andika kwa karne. Inangoja siku ngapi? Bandugu bake bapimwe? Nani anafanyaka iyo kazi na fasi gani? Kama munganga anasema "nyuma sioni, weupe inafunika", omba ekografi.

Na matone ya miti, maziwa ya titi, mukojo, asali, bicarbonate, hapana. Retina iko nyuma, hakuna kitu ya kutia mbele yenye itaifikia, ila unaweza kupata kidonda mbele juu ya shida ya nyuma.

Kama banasema jicho itoshwe

Hapa njo bengi banakimbia, na batoto banakufa. Kwa retinoblastoma yenye imejaa jicho moja, ile jicho haione tena, na kuitosha ikiwa kansere bado ndani mara mingi njo inaponesha mutoto. Kuko shimioterapi, kuko lezeri na baridi ya kuua kansere ikiwa bado ndogo, banatumia zaidi kama macho mbili zimekamatwa na banapigania kuokoa moja. Munganga mwenye anachagua kutosha haibe jicho, na haiuzishwe, wala hakuna jicho ya mutu mwingine bataweka na ataona. Kisha kama juma sita banaweka ya bandia, na kwa foto batu habatajua.

Mambo mbili za kushikilia. Hakuna mutu achome shindano ndani ya jicho yenye inazaniwa kansere ili "atoshe majimaji apime", iyo inaifungulia njia ya kutoka. Na jicho ikitoshwa inapashwa kuenda kwa laboratwari ya kupima nyama, banaangalia kama kansere iliingia kwa mushipa wenye unaenda kwa ubongo. Kama iliingia, mutoto anaendelea na shimio. Usirudi nyumbani ukafurahi kidonda ilipona bila iyo karatasi.

Kwa iyo ugonjwa Ruharo Eye Centre, kule Mbarara, Uganda, njo inajulikana sana pande zetu, na Rwanda kuko Butaro kwa kansere za batoto, na huduma za macho Kabgayi na Kigali. Kinshasa nayo iko na banganga bayo lakini kutoka hapa safari ni ingine. Omba karatasi ya transferi yenye iko na jina ya ugonjwa, uliza kwa bariere siku hizo banaomba karatasi gani kwa mutoto, na kama baba haende, beba otorizasio yake imesainiwa. Anza na kupiga simu kule, mpaka bakuambie njoo siku fulani.

Retina yenye ilibanduka na safari ya milima

Kubanduka kunatengenezwa na operasio: banafunga kamukaba kwa inje ya jicho, ao banaingia ndani (vitrektomi), banatosha ule ute, banalaza retina, banaishikisha na gesi ao mafuta ya silikoni. Kama katikati ya retina bado haijabanduka, siku zinahesabika. Kama ilibanduka zamani, banaweza kuilaza lakini kuona hakurudi yote, na kwa batoto makovu inavuta tena, operasio ya pili si ajabu. Afazali usikie iyo mbele ya kulipa.

Sasa kitu yenye munganga wa muji wa chini anaweza kusahau: ukipanda mulima gesi inapanuka. Goma na Kigali ziko karibu kimo moja, mita 1500 na kitu, lakini barabara ya Musanze inapandaka kupita 2000, na ya Kabale pia. Mutoto mwenye gesi ndani ya jicho akipandishwa kule jicho inakaza, inauma, mushipa unaweza kukufa. Ndege njo mubaya zaidi. Basi mbele ya operasio sema: "daktari, njia yetu ya kurudi ni milima". Anaweza kuchagua mafuta pahali pa gesi, ao akuambie mubaki kule mpaka gesi iishe, juma mbili mpaka karibu myezi mbili kufuatana na gesi gani. Na kama mutoto bado na gesi akaomba operasio ingine, ata ya tumbo, bambie banganga ba kulalisha, kuko dawa yabo moja ya kuvuta, protoksidi ya azoti, yenye inavimbisha ile gesi. Mafuta yenyewe haisumbuliwe na mulima, ila yanapashwa kutoshwa kisha myezi, usiseme pesa imeisha ukayaacha myaka.

Kisha operasio ya gesi mara mingi banaomba mutoto alale kifudifudi, na kwa mutoto wa miaka mitano iyo ni vita. Mulalishe kwa mapaja yako, weka simu chini aangalie katuni kichwa kikiinama.

Zile za ukoo zenye hazina dawa

Kuko dawa moja ya jeni yenye ilikubaliwa Marekani mwezi wa 12 mwaka 2017, Luxturna, banaipiga ndani ya jicho kwa operasio. Ni kwa jeni moja tu, RPE65, na ilianza na bei ya dolari 850,000 kwa macho mbili. Kwa hiyo mwenye anakuuzishia "dawa ya jeni" ndani ya kichupa, ao supu ya selule, kwa dolari 50 hapa Virunga, ni mwizi tu. Vipimo vya jeni vinaweza kukusaidia kujua jina na nafasi ya mimba ijayo, lakini usiuzishe kiwanja juu yabo.

Yenye inasaidia ni ya kawaida na haishangaze mutu: lineti kama kuko namba, lupu ya kukuza, kofia na lineti nyeusi kwa mwenye mwangaza unamuumiza (batoto albino pia, retina yabo haikukua vizuri katikati), benchi ya mbele, ubao mweusi kabisa, kalamu nene, mwalimu asome kwa sauti kile anaandika, toroshi yake mwenyewe ya jioni, na mutoto afundishwe njia ya masomo mchana mpaka aijue na miguu. Mwenye kuona kunapungua aanze kujifunza braille (maandiko ya kusoma na vidole) akiwa bado anaona kidogo, banangojaka mpaka giza kamili na pale mutoto amekata tamaa.

Na kwa mimba ingine: mama mwenye ako na mutoto wa retinoblastoma, ao baba mwenye alitoshwa jicho ya kansere akiwa mudogo, aseme kwa materinite mbele ya kuzaa, kisha mutoto apimwe fondei ndani ya juma za kwanza, na arudishwe kila mara banganga banaandika mpaka karibu miaka 5. Bandugu bake badogo benye bako nyumbani sasa hivi, balete siku ileile munamuleta yeye.